UZI: Chai ya mama ilifungiwa mlango Sudan. Sera ya kigeni ni ya nani hasa?

Majani_Mabichi

Wadau, mulembe. Nianze na kisa ndipo niulize.

Machi 2025 nilikuwa nyumbani Sabatia, Kaunti ya Vihiga, kwa siku mbili tatu hivi, nimetoka Kisumu ninakofanya kazi. Asubuhi nikambebea mama gunia la majani hadi kituo cha chai. Wanaojua wanajua: foleni ya akina mama, magunia yananing'inizwa moja moja kwenye mizani, karani anatia mkono ndani kuona kama umechuma majani mawili na chipukizi au umejazia yale magumu ya kuongeza uzito. Mama alipata kilo kumi na saba na nusu. Karani alikuwa amewasha redio kwenye simu, na hapo ndipo tuliposikia kwamba Sudan imepiga marufuku bidhaa zote kutoka Kenya, chai ikiwemo.

Mzee mmoja nyuma yetu akauliza, "Hao nao tumewakosea nini?" Kimya. Karani akasema hayo ni mambo ya Nairobi, akaita jina la anayefuata.

Nilipofika Kisumu nikafuatilia. Mwezi uliotangulia, Februari, wapiganaji wa RSF ambao wamekuwa wakipigana na jeshi la Sudan tangu Aprili 2023 walikuwa wamepokewa Nairobi. Wakakutana katika ukumbi wa mikutano wa KICC na washirika wao, wakatia saini hati ya kuunda serikali yao ya kando. Serikali yetu ikasema inatafuta amani. Sudan ikamwita balozi wake arudi nyumbani, kisha ikafunga mlango wa biashara. Na Sudan ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chai yetu.

Sasa kinachoniuma zaidi: waziri wa mambo ya nje wakati huo, Musalia Mudavadi, ni mtu wa kwetu. Sabatia ndiyo iliyompeleka bungeni 1989. Kiwanda cha Mudete kiko huko huko. Kwa hiyo huwezi kusema aliyekuwa mezani hajui majani yanachumwaje.

Swali langu: nani alituuliza? Na je, kisheria alipaswa kutuuliza?

Kondele_Stage4

Omera, mimi nabeba watu Kondele hadi Mamboleo. Sera ya kigeni naijua siku petroli inapanda. Hayo mengine ni ya wenye suti na bendera ndogo kwenye gari.

Mwalimu_Maseno

Kijana wa Sabatia, nimefundisha somo la uraia miaka mingi, ngoja nikujibu polepole.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 10, inataja ushirikishaji wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya kitaifa yanayombana kila afisa wa serikali anapotunga au kutekeleza sera. Haikusema "sera zote isipokuwa za kigeni". Kifungu cha 118 kinalibana Bunge lifanye kazi zake hadharani na kuwahusisha wananchi. Kifungu cha 2(6) kinasema mkataba ambao Kenya imeuridhia unakuwa sehemu ya sheria za Kenya. Tafakari hapo kidogo. Maana yake ni kwamba karatasi iliyosainiwa Geneva au Brussels inaweza kukubana wewe ukiwa Mudete sawasawa na sheria iliyopitishwa Nairobi.

Ndiyo sababu 2012 kukatungwa Sheria ya Kufanya na Kuridhia Mikataba. Baraza la Mawaziri likishakubali, mkataba unapelekwa Bunge la Taifa, kamati husika inatakiwa kuwasikiliza wananchi, kisha Bunge linaukubali, linaukataa, au linaukubali huku likijitoa kwenye baadhi ya vifungu.

Lakini angalia vizuri sheria hiyo inashika nini. Inashika karatasi, haishiki mkono. Kumpokea mgeni KICC si mkataba. Kutambua nchi au kuacha kuitambua si mkataba. Kupiga kura Umoja wa Mataifa si mkataba. Yote hayo yanafanywa na Rais na waziri wake bila kupita kwa kamati yoyote, na ndiyo yaliyomfungia mama yako mlango. Mnakumbuka Septemba 2022? Rais Ruto, siku moja tu baada ya kuapishwa, aliandika mtandaoni kwamba Kenya imeacha kuitambua Jamhuri ya Sahara, ile ya Sahara Magharibi. Baadaye ujumbe ukafutwa. Msimamo wa nchi nzima ulibadilishwa na kidole gumba, ukarudishwa na kidole gumba.

Binti_wa_Busia

Mwalimu umesema kweli ila umesahau sisi wa mpakani. Huku sera ya kigeni haingoji redio, tunaamka tunaikuta getini.

Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Tangazo lilitoka Ijumaa. Mimi nilikuwa na magunia arobaini kwenye lori upande ule, nimeshalipa. Dereva akaniambia, mama, gari haliingii. Tukalala hapo. Siku chache baadaye wakafungua kwa masharti: usajiliwe, uwe na cheti cha kuonyesha kiwango cha sumu, useme mahindi yametoka wapi. Masharti yenyewe si mabaya, hakuna anayetaka kulisha watu sumu. Lakini kama wangetuuliza wiki moja kabla, tungewaambia kwamba mahindi yaliyokataliwa getini hayarudi Mbale ya Uganda. Yanapandishwa baiskeli usiku na kupita njia za panya, bila kupimwa na mtu yeyote. Kwa hiyo sumu waliyoikimbia waliiingiza kwa mlango wa nyuma.

Na kwa wasiojua, jina "bodaboda" limezaliwa huku kwetu, baiskeli za kutoka boda hadi boda. Kondele_Stage4, kazi yako yenyewe ni mtoto wa sera ya kigeni. Heshimu.

Kondele_Stage4

😂😂 Nimeheshimu mama.

Mkongwe_wa_Milimani

Nitasema lisilopendwa. Nilikuwa mtumishi wa serikali, nikakaa kwenye meza za mazungumzo mara kadhaa. Mambo ya nje hayaendeshwi kwa kupunga mikono uwanjani.

Moja, siri. Anayeuza mitumba Kibuye hakutajii bei yake ya mwisho ukiwa bado unapapasa kola. Ukiwapa wananchi msimamo wako wote kabla ya mazungumzo, umempa na mwenzako.

Pili, hasira. Mnakumbuka 2009 wakati Kenya na Uganda ziligombania kisiwa cha Migingo, Ziwa Victoria? Vijana wa Kibera waling'oa reli ya kwenda Uganda. Maoni ya umma hayo! Kupitia reli ile na barabara ile ndiko bidhaa zetu wenyewe zinakopita kwenda kwa mteja wetu mkubwa. Ni kama kumkasirikia jirani ukachoma daraja la kuingilia kwako.

Tatu, mnataka kura ya maoni kwa kila jambo? Uswisi walipiga kura 2002 kabla ya kuingia Umoja wa Mataifa, lakini wale kura ni desturi yao, wanapiga kama sisi tunavyokunywa chai.

Ja_Usenge

Mzee wa Milimani, kwa heshima zako zote, umeitaja Migingo kama mtu aliyeiona kwenye gazeti. Mimi nimevua maji yale.

Kisiwa chenyewe ni jiwe. Hakifiki hata nusu ekari, mabati juu ya mabati, ukikohoa jirani anaitika. Watu hawakai pale kwa kupenda mandhari, wanakaa kwa sababu samaki wa mbuta yuko karibu na mafuta ya mashine ni ghali. Mipaka ya mwaka 1926 iliyochorwa na Mwingereza inakiweka upande wa Kenya. Mwaka huo wa 2009 Museveni mwenyewe alisema jiwe ni la Kenya ila maji ni ya Uganda. Sasa niambie, mimi navua jiwe?

Kuna usiku tulikamatwa watu wanne na wenye sare wa upande ule. Wakachukua nyavu, wakachukua mashine, wakasema kibali chetu hakifai. Asubuhi tukapiga makasia hadi nyumbani, kwa muda wa saa saba hivi, juani. Tukaripoti kila mahali pa kuripoti. Tukaambiwa suala liko "ngazi ya juu". Hiyo ngazi sijawahi kuiona, wala aliyeipanda akarudi sijamwona.

Unajua mashine ilirudije? Mwenyekiti wa BMU yetu, kile kikundi cha kusimamia ufuo, anamjua mwenyekiti wa ufuo mmoja upande wa Uganda, walioleana. Wakapigiana simu. Wazee watatu wa huku na watatu wa kule wakakutana majini, mitumbwi miwili imefungwa pamoja kwa kamba ili isipeperushwe. Wakakubaliana: nyinyi msivue kwa nyavu za macho madogo karibu na mazalia yetu, sisi tutawasemea kwa hao wenye sare. Mashine ilirudi baada ya siku tisa. Nyavu hazikurudi.

Kwa hiyo usiniambie mwananchi hajui diplomasia. Vijana waliong'oa reli walikuwa Nairobi, mamia ya kilomita kutoka ziwani. Sisi tunaokula kutoka kwa maji yale hatukung'oa hata msumari, kwa sababu tunajua kesho tutakutana na yule yule.

Mkongwe_wa_Milimani

Ja_Usenge, hapo umenipiga ngumi ya haki. Nakubali tofauti hiyo: kuna maoni ya anayetazama na maoni ya anayeumia. Meza nilizokaa mimi hazikuwa na mvuvi hata mmoja. Bado lile la siri nimelishikilia.

Wakili_wa_Mega

Nimesoma kimya kimya, sasa nichangie kesi mbili, maana kuna mlango ambao Mwalimu hakuutaja. Mahakama.

Kesi ya kwanza wengi hawaijui na inatuhusu sana sisi wakulima wa Magharibi. Mwaka 2007 wakulima wadogo walikwenda Mahakama Kuu kuhusu ule mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya uliokuwa ukijadiliwa na nchi za Afrika Mashariki. Hoja yao ilikuwa kwamba bidhaa za Ulaya zikiingia bila ushuru zitawamaliza, na hawakuhusishwa. Uamuzi ulitoka 2013, miaka sita baadaye. Mahakama haikuufuta mchakato, lakini iliiamuru serikali iweke utaratibu wa kuwahusisha wadau, wakulima wadogo wakiwemo, na kuwapa wananchi habari. Mzee wa Milimani, hii inajibu hoja yako ya siri: hakuna aliyeomba kuonyeshwa bei ya mwisho. Waliomba kujua kwamba kuna kitu kinauzwa. Mkataba huo baadaye Kenya iliufuata peke yake, mazungumzo yakamalizika Juni 2023, ukasainiwa Nairobi Desemba 2023, ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2024.

Ya pili ni Haiti. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kikosi cha kwenda kukabili magenge huko Oktoba 2023, Kenya ikiongoza. Bunge letu likapitisha Novemba. Mwanasiasa Ekuru Aukot na wenzake wakaenda mahakamani, na tarehe 26 Januari 2024 Jaji Chacha Mwita akasema hapana: Baraza la Usalama wa Taifa lina uwezo wa kupeleka majeshi nje, si polisi, na polisi wanaweza kwenda tu katika nchi ambayo tuna makubaliano nayo ya kusaidiana. Kwa hiyo Machi Waziri Mkuu wa Haiti, Ariel Henry, akaja Nairobi, makubaliano yakasainiwa. Akiwa huku nje magenge yakafunga uwanja wa ndege wa kwao, akashindwa kurudi, akatangaza kujiuzulu. Polisi wetu wa kwanza 400 walitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024.

Binti_wa_Busia

Tarehe 25 Juni! Siku ile ile vijana waliingia Bunge kwa sababu ya Mswada wa Fedha. Nilikuwa na runinga mbili dukani, moja ya jirani. Moja polisi wanashuka ndegeni Haiti, nyingine polisi wanapiga risasi Nairobi. Mteja akaniuliza nipunguze sauti ya ipi.

Shamba_la_Turbo

Nyinyi mnaongea chai na samaki. Hapa karibu nasi, Eldoret, kuna kambi iliyopeleka vijana El Adde, Somalia, walikovamiwa na Al-Shabaab. Januari 2016. Ibada ya kuwaaga ilifanyika pale Moi Barracks, marais wa Nigeria na Somalia walikuja. Mpaka leo hesabu kamili ya waliokufa haijatangazwa rasmi. Mimi sisemi tusingekwenda Somalia 2011. Wapo waliokuwa na sababu nzuri. Nasema mama aliyemtoa mtoto wake kwa sera ya kigeni angalau aambiwe idadi.

Sina la kuongeza.

Kitongoji_Nyalenda

Pole sana Turbo.

Nataka kubadilisha kidogo. Mnasema wananchi hawajali mambo ya nje. Februari 2025, siku ya kura ya uenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika, Kisumu ilikuwa inajua hesabu za Addis Ababa kuliko hesabu za kaunti. Pale kwetu muuza chapati alikuwa ameandika ukutani kwa mkaa: raundi ya kwanza Baba (Raila Odinga) 20, Djibouti 18, Madagascar 10. Kila raundi anafuta anaandika upya. Watu walikuwa wanabishana kuhusu nchi za SADC za kusini mwa Afrika, kuhusu wanaozungumza Kifaransa, nani ana deni na nani. Mpaka raundi ya saba, Youssouf wa Djibouti akapata 33, yule mama akaweka mkaa chini akarudi kwa chapati zake.

Kwa hiyo tunajali. Tulijali kwa sababu tulikuwa na mtu wetu ndani. Swali ni kama tunaweza kujali vile vile kama kilichomo ndani ni gunia la majani.

Majani_Mabichi

Kitongoji, hilo la mwisho nimelisoma mara tatu.

Wacha nirudi kwa chai. Bonasi ya 2025, yale malipo ya chai ya mwisho wa mwaka, ilipotoka Magharibi ilikuwa chini, wakulima wakapandwa na hasira, na kijijini kila mtu anasema "ni Sudan". Je, ni kweli ni Sudan?

Karani_Mstaafu_Nandi

Ndugu yangu, hapa lazima nikurekebishe, vinginevyo tutapeleka malalamiko mlango usio wake.

Chai inauzwa mnadani Mombasa kwa dola. Mapema 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, baadaye ikashuka hadi karibu 130. Kilo ile ile, bei ile ile ya dola, mkulima anapata shilingi pungufu. Hilo peke yake limekula sehemu kubwa, na limewapiga hata wasiouza jani moja Sudan. Ongeza chai iliyolala maghalani bila mnunuzi. Ongeza tofauti ya ubora: chai ya mashariki ya Bonde la Ufa imekuwa ikilipwa zaidi kuliko ya kwetu kwa miaka mingi, kabla hata ya hiyo RSF kuzaliwa. Sudan imo, sikatai, mnunuzi mkubwa akitoka mnadani anayebaki anakuwa na kiburi. Lakini majani ya mama yako yakishafika Mombasa hayana jina lake. Huwezi kuonyesha kidole ukasema shilingi hii imeliwa na KICC.

Mwalimu_Maseno

Karani ametufundisha, na hapo ndipo pana ugumu wa jambo lote. Barabara ikiharibika unaonyesha shimo. Sera ya kigeni ikiharibika, hasara inachanganyika na dola, mvua na ubora, na mwenye uamuzi anatoka bila tone kwenye shati.

Kondele_Stage4

Sawa wazee. Mimi nauliza swali la stage. Nikitaka kusema, nasema wapi? Msinipe vifungu.

Wakili_wa_Mega

Swali zuri kuliko yote. Matangazo ya kuomba maoni hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Bunge. Unaandika maoni yako kwa Karani wa Bunge la Taifa, hata kwa Kiswahili, hata ukurasa mmoja. Hakuna anayehitaji wakili kwa hilo, nasema hivyo huku nikijiharibia kazi.

Niliwahi kuhudhuria kikao kimoja cha maoni kuhusu mkataba fulani. Ukumbi wa watu mia mbili, tulikuwa kumi na tisa. Hati kurasa nyingi, Kiingereza kitupu, nakala tatu tu ukumbini, tunapeana kama kitabu cha nyimbo. Mama mmoja akaomba aelezwe kwa Kiswahili kabla hajatoa maoni. Aliyekuwa mbele akasema muda hautoshi. Mama akasema, "Basi andika kwamba nilikuja." Wakaandika. Najua wakaandika kwa sababu baadaye niliona ripoti: alihesabiwa miongoni mwa waliounga mkono.

Binti_wa_Busia

Ngoja. Walimhesabu kuwa anaunga mkono?

Wakili_wa_Mega

Ndiyo. Mkono mtupu kabisa.

Ja_Usenge

Ndiyo maana sisi tunafunga mitumbwi.

Majani_Mabichi

Nimeamua. Kwa kuwa mkutano wa KICC haukuwa mkataba na hauna kikao cha maoni, nitatumia ile Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Nimesoma kwamba ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Nimeandika rasimu: "Naomba kujua kwa nini serikali ilikubali mkutano wa RSF bila kujali wakulima wa chai." Mwaonaje?

Mwalimu_Maseno

Itatupwa. "Kwa nini" si habari, ni ugomvi. Uliza karatasi. Andika: naomba nakala ya tathmini yoyote iliyofanywa, kabla au baada ya Februari 2025, kuhusu athari kwa mauzo ya chai nchini Sudan. Kama ipo, watakupa au watasema ni siri ya usalama, na hapo utakata rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kama haipo, waandike kwamba haipo. Hilo nalo ni jibu, na pengine ndilo kubwa zaidi.

Karani_Mstaafu_Nandi

Na usiweke neno "bonasi". Wakiliona watakutumia maelezo ya dola kama niliyokupa mimi, kurasa nne.

Mkongwe_wa_Milimani

Weka namba ya simu na anwani ya posta, zote mbili. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Ofisi hupoteza barua, haipotezi muhuri. Na ukitaka niipitie kabla hujatuma, nitumie kwa ujumbe wa faragha. Nilizijibu barua kama hizo zamani, najua zinakwepwaje.

Majani_Mabichi

Asanteni wazee. Mzee wa Milimani nimekutumia. Naichapisha leo, na mama amesema anataka kutia sahihi yeye, si mimi, kwa kuwa majani ni yake. Kwa hiyo lazima kwanza ifike Sabatia, irudi, ndipo iende Nairobi.

Kondele_Stage4

Nina mteja wa kwenda Chavakali saa nane. Barua nabeba bure. Uko wapi?

Majani_Mabichi

Kibuye, geti la upande wa mitumba. Nina bahasha ya kaki.